Mtoto Hujifunza kwa Mikono: Somo kwa Wazazi na Walimu Wanaozuru Makumbusho na Watoto Wadogo

Likizo za shule zinapokaribia, wazazi wengi wa Kaunti ya Mombasa hujiuliza wawapeleke wapi watoto wao wadogo. Ufuo wa bahari upo, viwanja vya michezo vipo, lakini makumbusho hukumbukwa na wachache. Wapo wanaoamini kwamba hayo ni mambo ya watalii. Wengine huogopa kwamba mtoto wa miaka minne atavunja kitu, atapiga kelele au atachoka kabla ya kuona chochote.

Somo hili linaeleza jinsi mtoto wa chekechea anavyojifunza kwa kugusa, jinsi makumbusho ya watoto yalivyoanza duniani, na namna familia au darasa la hapa Mombasa linavyoweza kuzuru Fort Jesus na kurudi nyumbani na faida. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, elimu ya chekechea na vituo vya malezi ya watoto ni jukumu la serikali za kaunti. Hata hivyo, mwalimu wa kwanza wa mtoto ni yule anayemshika mkono akivuka barabara.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma, mzazi, mlezi au mwalimu ataweza:

1. Kueleza tofauti kati ya makumbusho ya kutazama na makumbusho ya kugusa.
2. Kueleza kwa nini mtoto mdogo huhitaji kushika vitu ili avielewe.
3. Kupanga ziara fupi na salama pamoja na watoto wa miaka 3 hadi 6.
4. Kuanzisha kona ya makumbusho nyumbani au darasani bila gharama kubwa.

Makumbusho ya kugusa ni nini?

Katika makumbusho ya kawaida, kitu cha thamani huwekwa ndani ya kabati la kioo au nyuma ya kamba. Mgeni hutazama, husoma maelezo, kisha huendelea. Mpango huu humfaa mtu mzima anayejua kusoma na anayeweza kujenga picha akilini. Mtoto wa miaka minne hawezi kusoma maelezo hayo, na mara nyingi kabati lenyewe limempita kimo.

Makumbusho ya kugusa hupangwa kinyume chake. Vitu huwekwa kwenye kimo cha macho ya mtoto na hutengenezwa vishikwe. Pana meza ya maji yenye mifereji na magurudumu madogo. Pana duka dogo lenye mizani, ambapo watoto hupeana zamu ya kuwa muuzaji na mnunuzi. Pana kapi na kamba ya kuinulia mzigo, na sanduku la mchanga ambamo vigae vimefukiwa ili mtoto achimbe kama mtafiti wa mambo ya kale. Kitu kikivunjika hurekebishwa au hubadilishwa, kwa kuwa kiliwekwa pale kitumike.

Tofauti kubwa basi ni swali ambalo mtoto anaalikwa kulijibu. Makumbusho ya kutazama humwuliza, "Unaona nini?" Makumbusho ya kugusa humwuliza, "Ukifanya hivi, kutatokea nini?"

Fikra hii ilianzia wapi?

Makumbusho ya kwanza duniani yaliyoanzishwa mahsusi kwa ajili ya watoto ni Brooklyn Children's Museum ya jijini New York, Marekani, yaliyofunguliwa Desemba 1899. Mwanamke aliyeyajengea sifa ni Anna Billings Gallup, aliyejiunga nayo mwaka 1902 na kuyaongoza kwa miongo kadhaa hadi alipostaafu mwaka 1937. Msimamo wake ulikuwa kwamba mtoto anapoingia pale ajione yuko mahali pake, wala asijione kama mgeni anayevumiliwa.

Fikra hiyo ilisambaa. Makumbusho ya watoto ya Boston yalianzishwa mwaka 1913 kwa juhudi za walimu wa sayansi, na yale ya Indianapolis yakafuata mwaka 1925.

Mageuzi makubwa zaidi yalitokea katika miaka ya 1960. Mwaka 1962 Michael Spock alikuwa mkurugenzi wa makumbusho ya Boston. Spock mwenyewe alipata taabu ya kusoma alipokuwa mtoto, na alifahamu kwamba wapo wanafunzi wengi ambao kitabu peke yake hakiwafungulii mlango. Alitoa vitu nje ya makabati ya kioo na kuwaruhusu watoto wavishike. Mwaka 1969 mwanafizikia Frank Oppenheimer alifungua Exploratorium jijini San Francisco, ambako kanuni za mwanga, sauti na mwendo hufunzwa kwa vifaa ambavyo mgeni huviendesha mwenyewe. Nchini Uingereza, makumbusho ya watoto ya Eureka! yalifunguliwa mjini Halifax mwaka 1992.

Tukirudi nyuma ya majengo hayo, tunawakuta wataalamu wa elimu ya watoto wadogo. Friedrich Froebel wa Ujerumani, aliyeasisi chekechea katika karne ya 19, aliwapa watoto mipira, vibao na maumbo ya mbao wachezee kwa utaratibu. Maria Montessori wa Italia alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, akatumia vifaa vya kushika kufunza hesabu na herufi. Jean Piaget wa Uswisi naye alieleza kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili huijua dunia kwa hisi na mwendo wa mwili, na kwamba kati ya miaka 2 na 7 bado hufikiri kwa kutegemea anachokiona na kukishika kuliko kanuni anayosimuliwa.

Mkono humsaidiaje mtoto kuelewa?

Chukua mfano wa neno "zito". Mtu mzima anaweza kumweleza mtoto kwamba jiwe ni zito kuliko kifuu cha nazi. Mtoto ataitikia, lakini maneno hayo hayana uzani. Akiwekewa jiwe mkono wa kulia na kifuu mkono wa kushoto, mabega yake yanampa jibu kabla mdomo haujasema lolote. Siku nyingine atakaposikia neno "zito", atalikumbuka kwa mwili wake.

Kuna mambo matatu ambayo mzazi anafaa kuyajua.

La kwanza ni kurudia. Mtoto anaweza kumimina maji kwenye kikombe kimoja mara kumi na tano mfululizo. Mzazi huona anapoteza muda, kumbe mtoto anathibitisha kama jambo lile lile litatokea tena. Akishahakikisha, huhamia jambo jingine mwenyewe.

La pili ni kukosea. Mnara wa vibao ukianguka, mtoto amepata habari kuhusu msingi na kimo. Mzazi anayekimbilia kuujenga upya kwa niaba yake humnyima habari hiyo.

La tatu ni lugha. Mtoto anaposhika kitu huku mtu mzima akikitaja na kukieleza, neno jipya hupata mahali pa kushikamana. Maneno kama laini, parusi, baridi, duara, kizito na chembamba hufunzwa vizuri zaidi mkono ukiwa juu ya kitu chenyewe. Ndiyo maana mtaala wa umilisi unaotumika katika madarasa ya PP1 na PP2 unasisitiza shughuli za kutenda katika lugha, hisabati, mazingira na ubunifu.

Mtoto anayeambiwa "usiguse" kila anakokwenda, bila maelezo, hujifunza pia. Hujifunza kwamba vitu vya maana ni vya watu wengine. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Akilelewa akiogopa kuuliza na kushika, darasani ataketi kimya vivyo hivyo.

Fort Jesus: kati ya kugusa na kuhifadhi

Fort Jesus haikujengwa kuwa makumbusho ya watoto. Ni ngome ya vita iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waarabu wa Oman waliizingira kuanzia Machi 1696 na kuitwaa Desemba 1698, baada ya karibu miaka mitatu. Waingereza waliigeuza jela mwaka 1895, na ikabaki hivyo hadi mwaka 1958 ilipotangazwa kuwa turathi ya kihistoria. Mwaka 2011 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa Turathi za Dunia. Leo inasimamiwa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya.

Hapa pana jambo ambalo wazazi wengi hawalielezi kwa watoto. Vitu vya makumbusho ya kugusa ni nakala au vifaa vinavyoweza kununuliwa tena. Vya Fort Jesus ni vyenyewe, wala haviwezi kununuliwa popote. Mkono wa binadamu una jasho, mafuta na chumvi. Mkono mmoja hauonyeshi athari, lakini maelfu ya mikono kwa miaka mingi hufuta rangi, hulainisha nakshi na kuozesha chuma. Chombo kilichotolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697 na kuchunguzwa na wazamiaji kuanzia 1977, kimesalia chini ya maji kwa karibu miaka 300. Kisivunjwe na mtoto mmoja kwa dakika moja kwa sababu hakuelezwa.

Kwa hivyo amri ya "usiguse" inafaa kufuatwa na sababu, na sababu ifuatwe na njia mbadala. Kwa mfano: "Hiki ni kizee sana, mikono yetu inaweza kukiharibu. Tukitazame kwa macho, halafu tutafute kitu tunachoweza kushika." Mtoto wa miaka minne hulielewa hilo. Hapo amejifunza somo la uraia bila kuhutubiwa.

Na vya kujaribu kwa mwili viko vingi. Yapo haya:

Kuta. Ngome imejengwa kwa mawe ya matumbawe. Mtoto akikaribia ukuta kwa makini anaweza kuona alama za viumbe wa baharini ndani ya jiwe. Muulizeni mwongozaji sehemu ambayo mtoto anaruhusiwa kuipapasa, kisha aulizwe: ni laini au parusi? Ni baridi au moto? Upande wa kivulini je?

Mizinga. Mtoto anaweza kupima mzinga kwa hatua zake, akahesabu, kisha akalinganisha na hatua za baba yake. Kwa nini hesabu hazilingani? Hilo ni somo la vipimo.

Mwangwi na kivuli. Katika njia zenye matao, mtoto ataje jina lake kwa sauti ya chini na asikilize. Uwanjani atazame kivuli chake kimeelekea wapi.

Michoro ya ukutani. Miongoni mwa vitu vinavyowavutia watoto ni michoro ya meli iliyochorwa ukutani na Wareno waliokaa ngomeni, kwa makaa na udongo mwekundu. Mtoto ataelewa mara moja: hata wanajeshi wa kale walichora ukutani. Aketi chini na kuchora meli yake kwenye karatasi.

Mifupa ya nyangumi. Huu ni wakati wa kulinganisha ukubwa. Wangapi kama yeye wakilala chini wangefikia urefu ule?

Bahari. Kutoka juu ya ngome, mtoto anaona mlango wa kuingia bandari ya zamani. Aulizwe: kama wewe ni mlinzi, ungesimama wapi ili uone meli ikija? Bila kutajiwa tarehe yoyote, ameelewa kwa nini ngome ilijengwa mahali pale.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Maandalizi madogo huokoa ziara nzima. Wazazi na walimu wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

Wapange saa za asubuhi. Jua la Mombasa saa sita mchana halina huruma, na sehemu kubwa ya ngome iko wazi. Mtoto pia huwa na utulivu zaidi akiwa hajachoka.

Waweke muda mfupi. Saa moja hadi saa moja na nusu inamtosha mtoto wa chekechea. Ni afadhali aone vitu vitatu na kutaka kurudi kuliko kuburutwa kwenye vyumba vyote akilia.

Waulize ada na saa za kufungua mapema. Viwango vya raia, wakaazi wa kigeni, watu wazima na watoto hutofautiana na hubadilika. Malipo ya huduma za serikali hufanywa kupitia mfumo wa eCitizen, hivyo mzazi asitegemee noti mfukoni pekee. Shule ziwasiliane na ofisi ya elimu ya makumbusho kabla ya kupanga siku.

Wabebe maji, kofia, kitafunio chepesi, kitambaa na nguo ya kubadilisha. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017. Kikapu au mkoba wa kitambaa unatosha.

Wamweleze mtoto kinachomngoja. Usiku wa kuamkia ziara, aambiwe: "Kesho tutaenda kuona nyumba kubwa ya mawe iliyo kando ya bahari. Tutapanda tuktuk, tutatazama mizinga, tutachora, halafu turudi." Mtoto anayejua mwanzo na mwisho wa safari husumbua kidogo.

Familia zinazotoka Likoni zikumbuke kwamba abiria wa miguu hawalipi kwenye feri, lakini msongamano wa asubuhi ni mkubwa. Ni vyema kusubiri umati wa waendao kazini upungue. Mtoto ashikwe mkono wakati wote wa kupanda na kushuka.

Mkiwa ndani: maswali badala ya mtihani

Kosa la kawaida la watu wazima ni kugeuza ziara kuwa mtihani. "Hii ni nini? Ilijengwa mwaka gani? Nimekwambia sasa hivi, umesahau?" Mtoto akikosa mara mbili, hunyamaza. Maswali yanayofungua akili hayana jibu moja.

Ufuatao ni mfano wa nyanya na mjukuu wake wa miaka mitano wakiwa mbele ya kisima.

"Nyanya, hili shimo la nini?"

"Wewe waonaje, mjukuu wangu?"

"La kutupa takataka."

"Huenda. Haya, fikiri. Watu wamefungiwa humu ndani, adui yuko nje, hawawezi kutoka. Watahitaji nini kila siku?"

"Chakula."

"Na nini tena?"

"Maji!" Mtoto anachungulia tena akiwa ameshikwa mkono. "Nyanya, ni kisima!"

"Basi wangeteka vipi maji huko chini?"

Nyanya hakumwambia mjukuu kwamba amekosea. Hakumpa jibu pia. Alimwongezea habari moja na kumwacha afike mwenyewe. Mtoto huyu atasimulia habari za kisima nyumbani kwa sababu yeye ndiye aliyekigundua.

Mambo mengine ya kuzingatia ndani ni haya:

Mtoto aongoze. Akitaka kukaa kwenye mzinga mmoja kwa dakika ishirini, akae. Akipita chumba kizima bila kukitazama, apite.

Mzazi ainame. Mtu mzima akichuchumaa hadi kimo cha mtoto, huona kile ambacho mtoto anakiona: mara nyingi ni kioo chenye mwanga wa dirisha au mgongo wa mgeni mwingine. Amnyanyue au amsogeze.

Simu ipumzike. Picha mbili tatu zinatosha. Mtoto anayeambiwa kila mara asimame apigwe picha hukatishwa fikra zake.

Onyo kabla ya kuondoka. Aambiwe mapema, "Tukimaliza kuchora, tunatoka." Kumwondoa ghafla ndiko kunakozua kilio langoni.

Usalama

Ngome ina ngazi, kingo na kuta ndefu zinazotazama bahari. Watoto wa chekechea wasiachwe kukimbia juu ya kuta au kupanda mizinga. Kwa ziara za shule, ni busara kuwa na mtu mzima mmoja kwa kila watoto wanne au watano, na kila mtu mzima ajue watoto wake kwa majina.

Mtoto afungwe kitambulisho chenye nambari ya simu ya mzazi au mwalimu. Jina lake liandikwe upande wa ndani, kwa kuwa mgeni mwenye nia mbaya anaweza kulitumia kumwita. Afunzwe kanuni rahisi: ukipotea, simama pale pale, kisha mwambie mfanyakazi mwenye sare. Watoto wahesabiwe langoni, wanapohama sehemu, na kabla ya kupanda gari.

Simu ya bure ya kuripoti matatizo yanayomhusu mtoto popote nchini ni 116.

Watoto wenye mahitaji maalum

Njia ya kugusa huwafaa zaidi watoto ambao mara nyingi huachwa nyumbani. Mtoto asiyeona vizuri huijua ngome kwa mkono juu ya jiwe, kwa mwangwi wa tao na kwa upepo wa bahari usoni. Mtoto asiyesikia hufuata kwa ishara na vitendo. Mtoto mwenye usonji anaweza kusumbuliwa na umati na kelele. Siku za katikati ya wiki, asubuhi, huwa na utulivu zaidi kuliko wikendi na sikukuu. Kwa mtoto anayetumia kiti cha magurudumu, mzazi apige simu mapema na kuuliza sehemu zinazofikika, kwa kuwa jengo la karne ya 16 halikufikiria magurudumu. Wafanyakazi wakijua mapema, wataweza kupanga njia inayofaa.

Mkirudi nyumbani

Ziara haiishii langoni. Kinachobaki akilini ni kile ambacho mtoto amekirudia kwa njia yake mwenyewe. Siku hiyo hiyo au kesho yake, mtoto apewe udongo au maboksi ya karatasi ajenge ngome yake. Asimulie kwa babu au jirani alichokiona. Mchoro wake ubandikwe ukutani. Kama alisema nyangumi alikuwa mkubwa kama matatu, mzazi asimsahihishe kwa haraka; waende pamoja barabarani kulipima matatu kwa hatua.

Makumbusho ya nyumbani na darasani

Si kila familia itamudu ziara mara kwa mara, na si kila shule iko karibu na Mji wa Kale. Lakini makumbusho ya kugusa yanaweza kuanzishwa kwenye kona ya darasa la PP1 kwa vitu vilivyomo jikoni na uani. Kwa hapa Pwani, orodha inaweza kuwa hii: mbuzi ya kukunia nazi iliyofunikwa makali yake, kifumbu, kata, upawa, ungo, kinu na mchi mdogo, ukili wa kusukia mkeka, kifuu, makombe ya baharini, na kipande cha jiwe la kawaida kutoka uani.

Hatua ni nne:

Kwanza, kila familia ialikwe kuleta au kuazima kitu kimoja cha zamani kisicho na makali wala sumu. Mawe ya matumbawe hai, kasa na viumbe wengine wa baharini wasiokotwe, sheria inawalinda.

Pili, mwenye kitu, hasa nyanya au babu, aje darasani aeleze kilivyotumika, na watoto wakijaribu. Mtoto atakayekamua tui kwa kifumbu mwenyewe hatasahau jina la kifumbu.

Tatu, watoto wachore kibandiko cha kila kitu, na mwalimu aandike jina chini ya mchoro.

Nne, watoto wakubali kanuni zao: vitu gani vinashikwa na wote, vitu gani vinashikwa mwalimu akiwepo, na kitu gani kinatazamwa tu kwa kuwa ni kizee na kimoja. Wakishajiwekea kanuni hiyo wenyewe, siku watakapoingia Fort Jesus hawatahitaji kufokewa.

Gharama ya kona hii ni meza moja, mkeka na muda wa mwalimu. Faida yake ni kwamba mtoto anaona vyombo vya nyumbani kwao vimewekwa mahali pa heshima shuleni.

Maswali ya kujipima

1. Taja tofauti mbili kati ya kitu cha makumbusho ya kugusa na kitu cha asili kilichohifadhiwa Fort Jesus.
2. Mtoto anamimina maji kwa mara ya kumi. Mzazi afanye nini, na kwa nini?
3. Geuza swali hili liwe la kufungua akili: "Ngome hii ilijengwa na nani?"
4. Kwa nini jina la mtoto halifai kuandikwa upande wa nje wa kitambulisho chake?

Zoezi la familia

Wiki hii, chagueni kitu kimoja cha zamani kilichomo nyumbani kwenu. Mtoto akishike, akipime kwa vidole, akinuse, akisikilize kikigongwa, kisha akichore. Mtu mzima zaidi katika nyumba amweleze kilikotoka. Mkimaliza, muulizeni mtoto: "Kama hiki kingewekwa makumbusho, watu wakishike au wakitazame tu?" Msikilizeni jibu lake, na sababu atakayoitoa.